Mtu Aliyeapa Woolwich

Jules Mushagalusa alikuwa mtu mpole, na kwa sababu ya upole huo Mwanamwema Shee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Jules alikaa kwenye kiti cha wageni na koti lake limefungwa vifungo vyote, miwani ikiwa na ukungu kwa kutoka kwenye baridi ya Januari na kuingia penye joto. Chini yao, dukani kwa Harjit, cherehani zilikuwa zikilia. Ofisi ya Mwanamwema ilikuwa chumba kimoja juu ya duka hilo la vitambaa, Romford Road, hatua chache kutoka Stratford, na kibao cha mlangoni hakikuwa na zaidi ya jina la mwenyewe na namba ya simu.

Mwanamwema alikuwa amefanya kazi ya upelelezi katika polisi ya Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kumfuata mumewe London. Mume alifariki, yeye akabaki, na kazi aliyoijua ni moja tu. Watu wa Afrika Mashariki walimletea mambo yao: jamaa waliopotea, wachumba waliodanganya, mirathi. Hili la leo lilikuwa jipya.

"Huko kwetu Kongo wanachagua gavana wa jimbo," alisema Jules. "Wapiga kura ni wabunge wa jimbo. Kila anayetaka ugavana anakuja na makamu wake, wanapigiwa kura pamoja, wanaanguka pamoja au wanapanda pamoja. Makamu wa mgombea wetu ni Kizito Bagalwa, injinia wa maji. Jimbo zima linamjua, mama. Palipokuwa na vita, yeye alipeleka mabomba."

"Na kisa chake ni kipi?"

"Aliishi hapa London tangu 1999. Alikuja kama mkimbizi, akapewa makaratasi, akarudi nyumbani 2003. Sasa upande wa pili wanasema amechukua uraia wa Uingereza. Kwamba mwaka 2005 alisimama kwenye ukumbi wa manispaa ya Woolwich akaapa kumtii Malkia."

"Na sheria yenu inasemaje?"

"Uraia wa Kongo ni mmoja tu. Ukichukua wa nchi nyingine, wa kwetu umekutoka. Asiye raia hawezi kuwa makamu wa gavana."

Mwanamwema aliuliza Kizito mwenyewe anasema nini. Jules akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu.

"Anasema hakuapa. Basi. Hasemi zaidi ya hapo. Ukimuuliza mwaka 2005 alikuwa wapi, anasema alikuwa kazini. Lakini alikuwa akisafiri sana, Kampala, Nairobi. Wabunge wameanza kumtilia shaka, na kura ni Ijumaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Wewe unamjua?"

"Tuliishi nyumba moja Barking miezi sita, alipofika tu. Baadaye akahama, nikapotezana naye."

"Ana alama yoyote? Kovu, jino, mwendo, chochote cha kumtambulisha."

"Hapana," alisema Jules. "Mtu wa kawaida. Mrefu kidogo."

Alipokuwa akiaga, mkono ukiwa kwenye kitasa, aliongeza: "Kama ni yeye aliyeapa, tuambie. Na kama siye, tuambie ni nani, na anakaa wapi. Tuwe na jibu."

Mwanamwema aliitikia kwa kichwa. Mlango ulipofungwa, akabaki akiutazama kwa muda. Mtu mwenye hofu juu ya rafiki yake huuliza kama rafiki yake ameapa au hakuapa. Huyu alikuwa ameshapiga hatua moja mbele ya swali lake mwenyewe.

*

Sherehe za kuapa uraia hazifanywi sirini. Huitwa majina, hupigwa picha, hunywewa chai. Wanaoapa siku moja huwa kadhaa, na Woolwich ya miaka ile ilikuwa na manesi wa Kenya wasiohesabika. Mwanamwema hakwenda manispaa kuuliza, maana huko wangemwambia habari za watu ni siri, na wangesema kweli. Alipiga simu kwa manesi watatu aliowajua. Wa tatu akamwambia: mtafute Mumbi Chege wa Plumstead, yule aliapa mwaka huo, na alitualika sote tukala mbuzi.

Mumbi alimkaribisha Jumanne asubuhi. Alikuwa ametoka zamu, bado amevaa soksi za kazini, na alizungumza huku akimenya viazi.

"Bagalwa? Namkumbuka vizuri sana, Anti. Tulipangwa kwa alfabeti. Yeye B, mimi C, so nilikuwa nyuma yake tu."

"Unamkumbuka kwa nini?"

"Kwa vile alitutia aibu." Mumbi alicheka kidogo. "Yule mzee wa manispaa aliita jina, 'Kizito Bagalwa,' kimya. Akaita tena, kimya. Mtu amekaa tu, anaangalia picha ya Malkia kwa ukuta. Mpaka mama mmoja akainuka kutoka kwa viti vya wageni, akaja akamgusa bega. Hapo ndiyo akashtuka."

"Labda hakusikia."

"Alikuwa first row, Anti. Mimi nilisikia."

"Alipoinuka, alikwendaje?"

"Mbio. Ile stage ilikuwa na ngazi kama tano hivi, akazipanda mbili mbili, kama mtu anaogopa watabadilisha mawazo."

Mwanamwema aliuacha mkono wake utulie juu ya meza. Hakuandika kitu. Mbele ya watu hakuwa akiandika kamwe, maana aligundua zamani kwamba kalamu huwafanya watu wachague maneno.

"Na yule mama wa kumgusa bega?"

"Mkongo pia. Alikuwa na kitenge cha njano, samaki wakubwa wakubwa. Na unajua nini? Mwaka jana nikatumwa na agency nyumba moja ya wazee huko Abbey Wood, nikamkuta anafanya kazi hapo. Anaitwa Euphrasie. Anakaa Thamesmead, zile ghorofa za kando ya ziwa, kwa farasi." Akatupa kiazi kwenye sufuria. "Haya yote nilimwambia yule mwingine. Ila ya Euphrasie hakuuliza, na mimi sikupenda vile alikuwa ananiangalia, nikanyamaza."

"Yule mwingine yupi, mwanangu?"

"Alikuja kabla ya Krismasi. Mkongo, wa miwani, mpole kweli. Alisema ni wa kanisa, anatafuta ndugu aliyepotea. Nikamwambia ya kuitwa mara mbili, na ya ngazi. Akafurahi sana na ya ngazi. Sikujua kwa nini."

Mwanamwema naye hakujua kwa nini. Alijua jambo moja tu, kwamba Jules alikuwa amefika kwenye nyumba hii kabla yake na hakumwambia.

*

Alivuka mto kwa kivuko cha bure cha Woolwich siku iliyofuata, akachukua basi mpaka Thamesmead. Ghorofa zilisimama kijivu kando ya maji, na kwenye majani yaliyoganda palikuwa kweli na farasi wawili waliofungwa kamba, wakila bila haraka. Lifti ilikuwa imekufa. Alipanda kwa miguu hadi ghorofa ya nne, akapumzika kidogo mbele ya mlango, akabisha.

Euphrasie alikuwa mwanamke mnene wa sauti ya chini. Mwanamwema alimwambia jina lake na kwamba anauliza habari za Kizito Bagalwa, yule anayegombea umakamu. Uso wa Euphrasie haukubadilika, ila alichelewa kidogo kusogea mlangoni.

"Ingia, mama. Baridi iko mingi."

Chumba kilikuwa safi, kina joto. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamume amesimama kwenye kiunzi cha tangi la maji, anacheka. Mwanamwema aliitazama.

"Ndiye?"

"Njo yeye. Iko ndugu ya bwana yangu, tumbo moja. Alikaa hapa kwetu myaka tatu, akarudia kule Kongo mu 2003. Tangu ile siku hajarudi huku."

"Nimepanda ngazi zenu, zimenitoa pumzi. Yeye aliziweza?"

Euphrasie alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Polepole, mama. Ule muguu yake ya kushoto, polio iliuharibu tangu mutoto. Alikuwa anapumuzika kila etaji ya gorofa, anasema, vita haikuniua, hizi ngazi njo zitaniua."

Kwa hiyo Kizito Bagalwa ni kiwete. Mwanamwema alirudi kimawazo kwenye kiti cha wageni ofisini mwake. Mtu wa kawaida, alisema Jules. Mtu aliyeishi naye miezi sita nyumba moja.

Aliyepanda ngazi za Woolwich mbili mbili hakuwa Kizito. Angeambiwa habari ya mguu Jumatatu, kazi yake ingekwisha Jumanne jikoni kwa Mumbi. Angepiga simu akasema: siye, nendeni mkapige kura kwa amani. Jules alimficha habari ya mguu ili asiishie hapo.

Funguo zililia mlangoni. Mwanamume akaingia na mifuko ya soko, akasalimu kwa heshima, akapitiliza kwenye korido kuning'iniza koti lake la kazi. Sura ilikuwa ile ile ya ukutani, ila huyu alikuwa mwembamba zaidi, na miguu yake yote miwili ilikanyaga sawasawa.

"Papa Chancelle, tuko na mugeni," alisema Euphrasie. Alimwita kwa jina la mtoto wao; lake mwenyewe hakulitaja.

Mwanamwema alingoja mtu yule ageuze mgongo. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida waliyokuwa wakiongea nayo:

"Bwana Kizito."

Mtu yule aliendelea kutengeneza kola ya koti kwenye msumari.

"Bwana Kizito," alirudia.

Euphrasie aliinuka. Labda hakukusudia. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukamgusa mumewe begani, naye akageuka haraka na tabasamu la kujiweka tayari.

"Eh, mama. Ni mimi. Kizito Bagalwa."

Mkewe alimtazama mgeni, akaitazama picha ya ukutani ambayo dakika chache zilizopita alikuwa ameitaja kwa jina hilo hilo, kisha akakaa.

"Nimemwambia Kizito iko kwetu kule Kongo," alisema.

Mwanamume akaacha mikono ianguke. "Basi," alisema. "Mama, weye uko mutu wa Immigration?"

"La. Kaa, baba. Mimi nimeajiriwa na mtu, na sasa nadhani huyo mtu si mwema kwenu. Nitakwambia yote ninayoyajua, nawe ukipenda unambie yako. Usipopenda, nitashuka ngazi."

Akawaambia. Aliwaambia habari za Jules, na Mumbi, na mguu. Alipomaliza, mwanamume alikuwa amekaa mkono wake ukiwa kwenye goti la mkewe.

Jina lake lilikuwa Luc Cirhuza. Yeye na Kizito walifika London mwaka mmoja, wakaomba hifadhi kila mtu kivyake. Kizito alikubaliwa. "Mimi balinikatalia," alisema Luc. "Nikaenda kwa jaji, akakatala naye. Nilikuwa nafagia maofisi kwa majina ya batu, leo Pierre, kesho Samuel. Nilikuwa naogopa hata mutu ya kuangalia tiketi mu bus. Chancelle alizaliwa, sikuweza kwenda kumuandikisha." Vita ilipotulia kidogo, Kizito akapata karatasi ya safari kutoka ubalozini, akaamua kurudi. "Akaweka makaratasi yake ya hapa pa meza. Akaniambia, Luc, mimi naenda kujenga maji. Hizi zitalala bure, na sura tuko nayo moja. Mimi sikuomba, mama. Lakini nilichukua."

"Na baada ya miaka mitano kutimia kwa jina lake, ukaomba uraia."

"Njo hivyo. Nilitaka nilale usingizi."

"Ulilala?"

Luc aliinama akasogeza mifuko ya soko kando.

Mwanamwema alimuuliza kama Kizito anajua yanayosemwa. Luc akacheka bila furaha. Kila wiki wanaongea, alisema, na kila wiki Kizito anamwambia mambo ni mazuri. Akachukua kadi ya simu juu ya televisheni, akabonyeza namba ndefu, akaweka sauti ya nje.

Kizito alikuwa na sauti nzito, ya mtu anayeongea akitabasamu. Tabasamu hilo liliondoka alipoelezwa nani yuko sebuleni.

"Mama," alisema, "nikuulize. Huyo aliyekutuma ana miwani?"

"Anayo."

"Basi sikiliza. Wiki mbili zilizopita mtu wa upande wa pili alinishika mkono kwenye korido ya bunge. Akaniambia: tunajua si wewe uliyeapa. Aliyeapa alikuwa na miguu mizima. Tuko tunamtafuta. Siku tukijua anakaa wapi, tutakupa wewe nafasi ya kujitoa, au tutawapa Waingereza anwani yake."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Mwanamwema aliviweka vipande mahali pake, kimoja baada ya kingine, kwa utulivu kama mtu anayekunja nguo. Upande wa pili hawakutaka ukweli juu ya kiapo, maana walikuwa nao tangu Desemba, kutoka kwa Mumbi. Walitaka mtu. Jules hakuwa mtu wa Kizito hata siku moja. Yeye, Mwanamwema, alikuwa amekodiwa kunusa njia kama mbwa mpaka mlango huu wa ghorofa ya nne.

"Kesho nitajitoa," alisema Kizito. "Sitaeleza sababu. Nikisema si mimi, wataniuliza ni nani. Umakamu wa gavana wako watu wengi wa kuuweza."

"Kaka," alisema Luc.

"Nimemaliza, Luc—" Alijikata. Ilionekana hakuwa amezoea kulitamka jina hilo kwenye simu.

"Kaka, usijitoe kesho. Unipe siku moja."

*

Jules alichagua mkahawa karibu na soko la Barking, meza ya dirishani. Alikuwa ameagiza chai mbili kabla Mwanamwema hajafika. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, na nje wachuuzi walikuwa wakipanga ndizi na mihogo kwenye mabakuli.

"Umepata, mama?"

"Nimepata mambo matatu," alisema Mwanamwema. "Kizito Bagalwa anachechemea tangu utoto. Wewe uliishi naye miezi sita na hukunambia. Na kabla ya Krismasi ulikwenda Plumstead ukajifanya mtu wa kanisa."

Jules alikoroga chai yake. Hakuonyesha kushtuka, alionekana kama mtu aliyechoka kidogo.

"Na aliyeapa?"

"Mimi na wewe hatuna kazi tena pamoja. Malipo yako ya mwanzo nimeyarudisha, yamo kwenye bahasha hii."

"Umempata," alisema Jules. "Ungekuwa hujampata, usingerudisha."

Hilo lilikuwa kweli, na mtu wa upelelezi anapojua amesomwa, kinachobaki ni kunyamaza.

"Mimi nilikuwa mwalimu kwetu," aliendelea Jules kwa upole ule ule. "Hapa nawaosha wazee. Wameniahidi kiti katika serikali ya jimbo. Nina miaka hamsini na mbili, mama. Si kwamba namchukia Kizito."

"Na huyo mwingine? Mkewe, mtoto?"

Jules aliangalia nje. "Sikujua kama ana mtoto."

"Sasa unajua. Utafanya nini?"

Alikunywa chai yake yote, na Mwanamwema alimwachia muda. Katika miaka yake yote alikuwa ameona wanaume wengi wakifika kwenye njia panda kama hii, wengine wakigeuka vizuri.

"London ina wapelelezi wengi," alisema Jules hatimaye, akaiweka bahasha ndani ya koti.

*

Mwanamwema alipotoka mkahawani alipiga simu Thamesmead kuwaonya. Aliyepokea alikuwa Euphrasie, na alikuwa analia bila kelele. Luc alikuwa ameshatoka. Alikuwa amekwenda Stratford, kwa yule wakili ambaye Mwanamwema alikuwa amewatajia jina lake jana alipokuwa akiaga.

Wakili huyo, Natasha Wekesa, alikuwa na ofisi juu ya benki, Broadway. Alikuwa mwanamke kijana aliyekulia Eldoret, asiyependa kumpamba mteja wake kwa maneno. Mwanamwema alipofika, Luc alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, amevaa suti, na mkononi ameshika kofia ya sufu anayoivaa kazini.

"Nimemwambia yote mara mbili," Natasha alimwambia Mwanamwema. "Namwambia ya tatu ukiwa unasikia. Bwana Luc, ukishatia sahihi, barua hii ya kukiri nitaipeleka Immigration, na hairudi. Wanaweza kusema uraia ule haukuwahi kuwepo. Wanaweza kukushtaki. Kazi yako utaipoteza hakika. Mtoto amezaliwa hapa na ana miaka minane, hilo litatusaidia, na kwamba umekuja mwenyewe bila kukamatwa, hilo pia. Lakini sikuahidi kitu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Na hujalazimishwa? Huyu mama hajakulazimisha?"

"Hapana." Luc alimgeukia Mwanamwema. "Ulisema jana bakinitafuta, batanipata. Nikakaa usiku nafikiri. Bakinipata benyewe, niko kitu yao. Batanipeleka kwa kaka kila mwaka: fanya hii, sivyo Luc anakamatwa. Akiwa makamu, batamwambia sahihi hapa, sahihi pale. Mimi nitakuwa kamba ya shingo yake." Alivuta pumzi. "Afadhali niende miye mwenyewe."

Luc akapokea kalamu, Mwanamwema akimtazama. Hakuona aibu usoni mwake. Baada ya kutia sahihi aliomba maji, akanywa glasi nzima kwa mfululizo, kisha akaomba atumie simu.

"Kaka," alisema. "Kesho bakikuuliza ni nani, sema ni mimi. Taja jina yangu. Nimeisha kulisema huku."

Kizito alifoka. Ilikuwa kwa lugha ya kwao, si kwa Kiswahili, na iliendelea kwa kitambo. Luc alisikiliza mpaka ikaisha, akasema maneno mawili, akakata simu.

"Amesemaje?" aliuliza Natasha.

"Amesema yeye njo mukubwa, na hakunipa ruhusa."

"Nawe?"

"Nimesema nimechelewa kuomba."

*

Ijumaa jioni Mwanamwema alikuwa Thamesmead. Hakuwa na kazi huko tena. Euphrasie alimwomba aje, akaja. Walikula ugali wa muhogo, samaki na sombe, kisamvu cha kwao. Binti yao Chancelle alikula kwenye kochi akiangalia televisheni, na kila alipoulizwa jambo kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza. Euphrasie hakuwa amemsamehe mumewe. Alimwekea chakula bila kumtazama, na baadaye kidogo, alipofikiri hakuna anayemwona, akamwongezea kipande cha samaki.

Simu ililia. Luc aliweka sauti ya nje.

"Tumeshindwa," alisema Kizito. "Kwa kura nne."

Alieleza. Spika alimuuliza kama aliapa, akasema hapana. Akamuuliza nani basi, akasimama kimya mpaka watu wakaanza kunong'ona, kisha akalitaja jina la mdogo wake, na kwamba jana amejipeleka mwenyewe kwa wakili. Akasema pia kwamba makaratasi aliyaacha yeye mezani, kwa mkono wake. Wabunge wengine walimpigia makofi. Wengine walisema mtu anayeazima jina lake hawezi kukabidhiwa jimbo, na haikuwa rahisi kuwajibu, alisema, kwa sababu hawakukosea kabisa. Mgombea ugavana alimshika mkono baada ya kura, lakini hakumwangalia machoni.

"Basi nimekuharibia," alisema Luc.

"Ungenyamaza, ningejitoa jana. Ni kushindwa kule kule, tofauti ni kwamba leo nimerudi nyumbani sina mtu wa kunishika mkono kwenye korido. Wewe je? Umelala?"

"Jana nililala," alisema Luc. "Mpaka Euphrasie akaniamsha kwa hasira."

Euphrasie aligeuza uso dirishani. Mwanamwema alianza kutafuta koti lake. Alikuwa na swali moja lililobaki, kama Jules atapata kiti chake, lakini halikuwa swali la nyumba hii.

"Ngoja usikate," alisema Kizito. "Mama yetu yuko hapa. Ameomba simu."

Tangu 2003 familia ilikuwa imekubaliana kwamba jina la Luc lisitajwe kwenye simu, kwa kuwa hujui nani anasikiliza. Kwa muda wote huo bibi yule alikuwa akimwita "mutoto wangu," basi. Sasa sauti yake ilikuja kutoka mbali, nyembamba, isiyo na haraka. Aliuliza baridi ya huko ikoje, Luc. Kama wanakula, Luc. Kama mtoto anajua kusali, Luc, na kama ule mgongo wake umepona, Luc, na kwa nini wamemchelewesha yeye, mama yake, hivi. Hakuuliza lolote la kura wala la wakili. Luc aliishika simu kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha juu yake, na kwa kila swali alijibu, "Eh, mama. Niko. Eh, mama."

Euphrasie alitoka dirishani, akaenda akapunguza sauti ya televisheni.